Wali Mwekundu na Tovuti ya Hoshigaki

Osaka, 12 Mei 2013

Babu, shikamoo.

Mimi mzima, mgumu kama kisigino. Mama anakusalimu. Mgongo wake bado unamsumbua, ila mdomo hauna maumivu hata kidogo: kila Jumapili ananipigia simu kuniuliza kama nakula mboga. Nakula. Vitunguu vya majani juu ya tambi ni mboga. Mwambie Bibi hapo kwenye madhabahu yake kwamba sijamsahau. Ningemwashia ubani, lakini mwenye nyumba hataki moshi.

Salamu zimetosha, sasa tuumbuane. Mama anasema unataka tovuti ya jarida lako, ila umeona haya kuniomba, ukamtuma yeye. Babu! Mtu mzima wa miaka themanini na moja, mwalimu wa haiku, vishairi vya mistari mitatu, unamwogopa mjukuu aliyeacha sekondari! Shule mimi niliiacha kabla haijaniacha, na tangu hapo nimeshatengeneza tovuti tatu: ya mgahawa wa samaki mikunga, ya kinyozi, na ya mwanamke mmoja anayefundisha mbwa kunyamaza. Ile ya mgahawa ina mkunga anayejipinda ukimgusa. Wateja wanaacha kula wanabaki kumgusa. Wewe na mashairi yako, nani aliwahi kuacha kula kwa ajili yako?

Toleo ulilompa Mama nimelisoma kwenye treni. Nikapitiliza kituo. Usijisifu, nilikuwa nimesinzia. Na jina gani hilo, Hoshigaki? Tunda la kaki limemenywa, likaning'inizwa upenuni mpaka likakunjamana, ndiyo mkaona jina la jarida? Halafu nikafungua nyuma nikakuta picha ya wanachama wako wamejipanga mbele ya hekalu. Nikasema basi, jina limewakaa.

Kazi nitaifanya. Simu sitakupigia, najua huwa unaiweka sikioni kichwa chini miguu juu. Niandikie unachotaka, kwa herufi ambazo mtu wa karne hii anaweza kuzisoma.

Mjukuu wako mwenye akili,
Shunpei


Kaminoyama, 30 Mei 2013

Shunpei,

Marahaba. Mashamba ya mpunga yamejaa maji, na vyura hawajui kunyamaza. Hivyo ndivyo barua huanza: kwa msimu. Yako imeanza kwa kisigino.

Mimi sijambo. Jirani ameukata mti wake wa kaki, anasema majani yanamchosha kufagia. Paka amezaa ndani ya sanduku la matoleo ya zamani. Ndio wasomaji wachanga pekee tuliowapata mwaka huu.

Sikuona haya kukuomba. Nilimtuma mama yako kwa sababu yeye anaelewa Kijapani.

Sasa sikiliza. Jarida hili nililipokea mikononi mwa mwalimu wangu akiwa kitandani. Tulikuwa mia nne. Sasa tumebaki mia na kidogo, na kila theluji ikiyeyuka huondoka na wengine. Mwezi wa tatu alifariki mwanachama mmoja wa Sendai. Binti yake akanirudishia toleo la mwisho na kikaratasi: "Nimewatafuta kwenye simu hampo. Mlikuwa mnamtapeli mama yangu?" Miaka arobaini na nne ya kazi, leo tunaitwa matapeli kwa kuwa hatumo ndani ya kioo. Siwezi kwenda kumkabili mwalimu wangu huko aliko nikamwambia Hoshigaki ilinifia mkononi kwa kukosa kioo.

Kazi yako ni hii. Kila mwezi mpiga chapa atakutumia toleo. Chukua mashairi na majina ya wenyewe, uyaweke humo. Usiongeze, usipunguze, usimtie mkunga. Mengine kila mtu anayajua.

Uliandika kwa penseli. Penseli ni ya fundi seremala.

Kuwabara Tokuzo


Osaka, 25 Julai 2013

Babu, shikamoo tena.

Huku joto limefika mahali ambapo hata njiwa wanatembea kwa miguu. Haya, huo msimu, umeridhika?

Mama hajambo, amenunua mkanda wa mgongo, sasa anatembea kama askari wa gwaride. Mimi na kibanda chetu cha kutengeneza simu tupo. Mwenzangu niliyekuwa nikikaa naye chumba kimoja amehamia Nagoya kwa mchumba wake, kwa hiyo sasa nina nafasi ya kunyoosha miguu. Raha tupu.

Tovuti imekwisha! Itafunguliwa siku toleo la Septemba likitoka, yaani Agosti. Babu, na hilo nalo nieleze siku moja: jarida la Septemba linatokaje Agosti? Mnaogopa Septemba haitawakuta?

Ukifungua tu, unakutana na kaki zilizoning'inia kwenye kamba. Herufi nimeziweka kubwa kama mabango ya uchaguzi, ili wazee wako wasome bila kubandika pua kwenye kioo. Shairi moja moja nimelinakili kwa vidole hivi hivi, maana mpiga chapa wako anatumia mashine ambayo hata makumbusho yangeikataa. Na nimefanya usafi kidogo. Jarida lenu lilikuwa limepangwa kama nyumba iliyopita tetemeko. Utanishukuru.

Usidhani nimemaliza. Tovuti si kaburi kwamba ukishachimba unakung'uta mikono. Tovuti ni kuku: usipomlisha kila siku anakufa, tena ananuka. Nitailisha. Hakuna mwingine huko kwenu anayejua pumba zinawekwa wapi.

Kuna ukurasa wa majaribio nitaufuta. Niliandika maneno ya kujazia nafasi tu, nione mistari inavyokatika:

Feni ya meza
huzungukia kona;
mimi pekee.

Si shairi. Usije ukaanza kunifundisha.

Shunpei, fundi


Kaminoyama, 10 Agosti 2013

Shunpei,

Nyenje wanalia tangu alfajiri, na mabua ya mpunga yameanza kubeba masuke. Tunajiandaa kuwapokea wafu kwa sikukuu ya Bon. Nimesafisha kaburi la bibi yako. Watoto wa paka wote wamepata wa kuwafuga.

Jarida la Septemba hutoka Agosti kwa sababu jarida huvaa nguo ya mwezi ujao, kama mtu anayetegemea kuishi. Ndiyo desturi ya majarida yote nchini. Ungekuwa umewahi kununua hata moja ungejua.

Naambiwa tovuti imefunguka. Sijaiona na sina haja. Mtu akikuambia jua limechomoza, hutoki nje kulihakiki.

Jambo moja la furaha. Bi Aizawa, yule mjane anayeuza kachumbari za chumvi karibu na stesheni, alikuja jana asubuhi na sanduku la wali mwekundu, ule wa kunde za azuki unaopikwa mtu akipata heri, alioupika mwenyewe na kuupitisha nyumba hadi nyumba. Yupo nasi miaka thelathini na moja, na sijawahi kumwona amevaa vizuri kiasi kile. Aliinama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Akasema, "Mwalimu, asante." Nami nikamwambia, "Hongera sana, ulistahili." Nadhani mjukuu wake amefaulu mtihani. Wali ulikuwa mtamu. Nilimwekea na bibi yako kwenye madhabahu.

Kuhusu yale maneno ya kujazia nafasi. Feni ni neno la kiangazi. Umeliokota bila kujua, kama kipofu aliyekanyaga sarafu. Mstari wa mwisho unalia kwa sauti. Mtu akiwa peke yake, feni inatosha kutuambia.

K. Tokuzo


Kaminoyama, 17 Agosti 2013
KWA HARAKA

Shunpei,

Leo sina msimu.

Wakui Seiichi amekuja hapa. Unamjua: mkuu wa posta mstaafu, yule mwenye fimbo asiyoihitaji. Alikuwa na karatasi ambayo mwanawe aliitoa kwenye tovuti yako. Hakuvua viatu. Alisimama bustanini akaniuliza:

"Mwalimu, mimi nimekufa lini?"

Nikamwambia, "Bwana Wakui, jua kali, ingia ndani."

"La, nataka kujua tu tarehe. Na mbona sikualikwa kwenye msiba wangu?"

Ndipo akanionyesha karatasi. Nikaelewa umefanya nini. Umepanga majina kwa herufi! Aizawa juu, Wakui chini, kama orodha ya wagonjwa zahanati!

Kwa kuwa inaelekea wewe ndiye mtu pekee nchini usiyejua, nitakueleza. Kila mwezi kila mwanachama huniletea kadi yenye mashairi matano. Mimi huchagua. Aliyepata manne huwekwa mbele, kisha wa matatu, kisha wa mawili, na mkiani wale wa moja moja. Hata wanaolingana nawapanga kwa uzito. Chini kabisa, baada ya wote, huwekwa shairi aliloacha marehemu wa mwaka huo, kama yupo. Watu hawalisomi jarida, Shunpei. Wanatafuta kwanza wapo wapi. Mtu husubiri mwezi mzima apande nafasi tatu. Huo ndio uliouita tetemeko.

Wakui yupo kileleni mwaka wa kumi na moja huu. Bi Aizawa, kwa miaka yake yote thelathini na moja, hajawahi kupita shairi moja. Hajawahi kuondoka mkiani. Sasa najua ule wali ulikuwa wa nini.

Wakui amesema asipojiona mahali pake atajitoa na watu wake, na watu wake ni theluthi ya jarida. Hoshigaki haiwezi kusimama kwa yaliyobaki. Rekebisha leo hii.

Tokuzo


Osaka, 22 Agosti 2013

Babu, shikamoo, ingawa hukunisalimia.

Msimu: jua linapiga, babu anafoka.

Mama anasema upunguze chumvi. Mimi nasema upunguze "kila mtu anajua". Ulipoandika hivyo mwezi wa tano, mimi ulinihesabu nani, sufuria? Niliona majina yamemwagwa kama maharage, Wakui mbele ya Aizawa, Tsukada mbele ya Chiba, nikasema maskini wazee, wamepotezana. Nikawasaidia kutafutana. Kumbe mmewapanga watu wazima kama watoto wa chekechea, wa kwanza, wa pili, wa mkiani, na mnajiita washairi wa mwezi na umande! Mimi niliikimbia shule kwa ajili ya hayo hayo. Kumbe shule ilikuwa na tawi kwako.

Na huyo Wakui. Miaka kumi na moja mbele! Nimeyasoma yake manne ya Septemba. La kwanza ukungu mlimani. La pili ukungu bondeni. Huyo si mshairi, ni mtabiri wa hali ya hewa.

Kurekebisha ni kubonyeza mara moja tu, Babu. Nakunywa soda kwa mkono huu, kwa ule nabonyeza. Lakini nimekaa nikafikiri, ndiyo, mimi, usicheke. Nikibonyeza, Bi Aizawa anaanguka kutoka juu mpaka chini, hadharani, mbele ya kila jirani aliyekula wali wake. Na aliyekula wali si jirani tu. Nani alimwambia "ulistahili"? Mimi? Mimi nilikuwa Osaka natengeneza vioo. Mama yangu anasema ulirudia sahani. Mpaka Bibi, aliyetulia zake huko, umemlisha wali wa uongo!

Kwa hiyo, Mwalimu, nenda nyumbani kwake. Mwambie kwa kinywa kile kile kilichotafuna. Ukishamwambia, niandikie, nami nabonyeza. Kabla ya hapo sibonyezi. Kwa sasa nimeshusha pazia: mtu akifungua ukurasa wa mashairi anaona kaki zinaning'inia na maneno "Tunafagia, tuvumilieni". Wakui akiuliza, mwambie ndiyo kwanza tunamtoa kaburini.

Lile la feni nililifuta. Sijui kwa nini ulilikumbuka.

Shunpei


Osaka, 29 Septemba 2013

Babu,

Shikamoo ya pili bila majibu. Upepo umeanza kupoa na wauza viazi vitamu vya kuchoma wametoka na mikokoteni yao. Umeona? Nimeanza kwa msimu, na wewe huandiki hata kwa kisigino.

Lakini nina wapelelezi. Mama alipiga simu kwa jirani yako, yule aliyekata mti. Akaambiwa ulikwenda kwa Bi Aizawa, umevaa koti, jua likiwaka. Ukakaa. Ukala kachumbari za biringanya, za figili, na nyingine ambayo jirani hakuitambua kutoka dirishani kwake. Ukazungumzia mvua. Ukanywa chai, ukaongezwa, ukanywa, ukaongezwa. Halafu ukaaga, ukarudi nyumbani, neno hata moja hukusema!

Babu yangu! Watu wa mkoa mzima wanakutetemekea ukishika kalamu nyekundu, na mwanamke wa kachumbari amekushinda kwa birika. Mashairi yake umeweza kuyatupa miaka thelathini na moja. Kumwambia "samahani, si ya kwanza, ni mashine" kumekushinda?

Toleo la Oktoba lilinifikia, lipo tayari nyuma ya pazia, limepangwa kwa vyeo vyenu kama jeshi. Pazia sitalitoa. Kuna watu wanaandika kwenye kisanduku cha salamu wakiuliza mbona tunafagia mwezi mzima, nyumba ina vumbi gani. Nawajibu mwenyewe mmoja mmoja. Nina muda mwingi siku hizi. Kibanda kimefungwa, mwenye nacho ameona bora auze chai ya maziwa. Hiyo si habari, usimwambie Mama.

Jibu, au jiandae kulisha kuku wako mwenyewe.

Shunpei


Kaminoyama, 21 Oktoba 2013

Shunpei,

Kaki zimeiva. Asubuhi ukungu hushuka mpaka kwenye reli, na Wakui bila shaka anauandika.

Jirani ana dirisha kubwa kuliko akili yake. Nilikunywa vikombe vitatu. Mengine aliyosema ni kweli.

Nilikuwa nimejiandaa. Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno. Nilipokaa, akaniwekea biringanya, akasema, "Mwalimu, hizi nimezitia majani ya shiso." Nikaonja. Maneno yakateremka pamoja na biringanya. Sikuandika kwa sababu sikuwa na la kuandika. Umeridhika?

Kesho yake asubuhi akaingia kwa mlango wa jikoni. Mkononi ana kadi yake ya mwezi.

"Mwalimu," akasema, "jana kikombe cha tatu kilinitia huruma. Nimekuja kukupumzisha. Najua."

"Unajua nini?"

"Sikuwa wa kwanza. Nilijua jioni ile ile. Mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu jina langu juu kabisa, toleo la karatasi likiwa bado njiani, nikakimbilia jikoni kuloweka kunde, sikungoja kuona zaidi. Nimegawa nyumba zote, nimerudi, nimekaa. Ndiyo nikateremsha kidole mpaka chini nijionee niliowapita. Nikamkuta Bwana Wakui mkiani. Nikasema basi, mashine hii inaumwa. Dunia haipinduki kiasi hicho kwa siku moja."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka nione Mwalimu atakunywa chai ngapi."

Akaiweka kadi kando ya sinia akaenda zake kufungua duka. Nilisoma matano yake. Manne yalikuwa kama kawaida yake: paka, mvua, paka, marehemu mumewe. La tano lilikuwa hili:

Wali mwekundu
nagawa kwa jirani;
kisha nasoma.

Nililisoma nimesimama. Nikakaa, nikalisoma tena. Nimekuwa nikichagua mashairi tangu kabla mama yako hajazaliwa, na najua sauti ya jambo lililosemwa bila kuongezwa chumvi. Yale mengine nikayarudia nayo, nikagundua matatu nisingeyatupa kama jina la juu ya kadi lisingekuwa lake. Hilo nalo liandike kwa penseli ukitaka.

Nimempa manne. Wakui naye ana manne. Nimemweka Bi Aizawa mbele.

Wakui alikuja. Safari hii alivua viatu.

"Mwalimu, shairi la wali halina neno la msimu."

"Nimeona."

"Miaka yote umetufundisha, pasipo msimu hapana haiku. Haya, msimu wake uko wapi?"

Nikamwambia, "Aibu haina msimu, Bwana Wakui. Huja mwaka mzima."

Alisema anajitoa. Akatamka kwa sauti ya kutosha jirani asikie. Kadi yake ya mwezi huu imefika siku mbili kabla ya tarehe, na si ukungu. Ni kuhusu mtu aliyejikwaa kwenye fimbo yake mwenyewe. Ni nzuri. Nimechukia.

Toleo la Novemba lilipotoka, majirani wote walikaa wakisubiri sanduku. Halikuja. Yule wa dirisha akashindwa kuvumilia, akaenda dukani: "Bi Aizawa, safari hii ni kweli, wali uko wapi?" Akajibiwa, "Mlishakula. Kama jarida la Novemba linatoka Oktoba, wali wangu ulitoka Agosti. Mkitaka mwingine, ombeni kwanza nishuke nipande tena."

Basi, ondoa pazia. Majina yakae kama yalivyo kwenye karatasi, na ya Septemba yarekebishwe. Bi Aizawa amesema mwenyewe hana neno.

Watu watatu wapya wameandika kupitia kile kisanduku chako wakitaka kujiunga. Mmoja wao ana miaka hamsini na nane. Kijana kabisa. Anasema alivutiwa na mtu anayewajibu kwa matusi ya heshima. Kuku hajafa, basi.

Habari ya kibanda chako sijamwambia mama yako. Mti wangu wa kaki umelemewa, matawi yanagusa ukuta, na mimi ngazi ilishanikataa. Nakueleza tu hali ya mti.

Toleo nimeliweka ndani ya bahasha. Lisome mpaka mwisho.

Tokuzo


Osaka, 2 Novemba 2013

Babu, sikupi shikamoo.

Majani yanadondoka na mimi nimedondoshwa.

Pazia nimeliondoa. Bi Aizawa yupo juu, safari hii kihalali, na nimemzungushia kaki mbili upande huu na huu, usinigombeze. Wakui yupo chini yake anamtazama visigino. Watu wanafungua ukurasa ule mpaka naona mashine inatoa jasho. Mpe Bi Aizawa salamu zangu, umwambie kachumbari za shiso zinasafiri vizuri kwa posta.

Sasa tuje kwenye uhalifu. Uliniambia nisome mpaka mwisho. Nikasoma. Nikapita wenye matatu, nikapita wenye mawili, nikaingia kule kwenye moja moja, nikashuka, nikashuka, na huko chini kabisa gizani nikakuta:

Feni ya meza
huzungukia kona;
yanirudia.
Ebina Shunpei, Osaka

Nani alikupa ruhusa? Yale yalikuwa maneno ya kujazia nafasi! Nilishayafuta! Na mstari wa tatu si wangu, umeubadilisha. Nimeusoma mara nyingi nitafute kasoro, bado natafuta.

Lakini hilo nakusamehe. Nisilokusamehe ni mahali. Babu, nimehesabu. Chini yangu yupo mtu mmoja tu, na huyo ni yule mama wa Sendai, marehemu! Umenipanga nikampita maiti peke yake! Kuna mzee wa Tendo mwenye shairi la soksi, soksi Babu, yuko juu yangu! Kuna mtu ameandika figili ni nyeupe. Ni nyeupe, tunajua! Naye yuko juu yangu! Kwa kipimo gani? Uzito gani? Nani alikagua? Kwa herufi ningekuwa wa nne, nyuma ya Bi Aizawa na wawili wengine, mtu mwenye hadhi yake. Nisingeisahihisha tovuti ile, leo ningekuwa naning'inia kule juu pamoja na kaki.

Usidhani nimeumia. Sijali. Nimempigia Mama kumweleza jinsi nisivyojali, akacheka mpaka mkanda wa mgongo ukafunguka.

Ila kazi ni kazi. Nimeandika matano. Hakuna linalolia, nimeyakagua. Msimu upo kila moja, na moja lina mikunga, uvumilie. Kadi siitii kwenye sanduku la posta, maana mkuu wa posta mstaafu wa huko ana kisa na mimi. Nitaileta kwa mkono wangu Jumamosi ijayo, na ngazi nitaazima kwa yule wa dirisha, kwa kuwa najua ya kwako imeoza kabla yako. Uwe umepika wali. Mweupe tu unatosha. Huo mwekundu usiupike mpaka nikuambie.

Na ukinichagulia moja tu, Mwalimu, nakuapia kwa madhabahu ya Bibi: napanga tena kwa herufi.

Ebina Shunpei,
wa nne